Walioitwa Kabla Yetu

Mwezi Mei mwaka 2025, Mpango wa Chakula Duniani ulisitisha msaada wa chakula kwa wakimbizi wapatao milioni moja nchini Uganda. Fedha zilikuwa zimekauka. Marekani, iliyokuwa mfadhili mkubwa kuliko wote, ilikuwa imeanza kufunga mkono tangu Januari. Hapa Kayanga, wilayani Karagwe, Tanzania, habari hiyo ilipita redioni kati ya bei ya kahawa na matokeo ya mpira. Kwangu haikupita. Siku hizohizo mwalimu mmoja wa Nakivale, kambi ya wakimbizi huko Uganda, alinitumia ujumbe wa sauti. Hakulalamika, si kawaida yake. Alisema tu kwamba watoto wa madarasa ya chini wameanza kusinzia kabla ya saa nne asubuhi, na kwamba wenzake wawili wameacha kufundisha ili watafute lejaleja, yaani vibarua, kwenye mashamba ya wenyeji.

Katika mkutano wa usharika wetu nilisimama nikaomba tutenge fungu dogo la sadaka kwa ajili ya walimu wale. Mzee wa kanisa mmoja, mtu ninayemheshimu sana, akaniuliza: "Mama, kwani watoto wa Karagwe wamekwisha kusoma wote?"

Aliuliza bila chuki. Mkoa wetu wa Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini walikotambuliwa mwaka 1983, na mzee huyu aliwalea yatima wa ndugu zake nyumbani mwake mpaka wakaoa na kuolewa. Mtu wa namna hiyo ana haki ya kuuliza. Katika mkutano nilipewa dakika chache, nikajibu nusunusu. Nimekaa na swali lake tangu siku ile, na kila ninapolitafutia jibu najikuta nimerudi Nyamityobora, mtaa wa Mbarara, Uganda, tulikowahi kuishi, na nikifika Nyamityobora najikuta nimerudi nyuma zaidi, mpaka utotoni.

Nilikuwa darasa la tano Aprili 1994, watu wapatao laki mbili na nusu walipovuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Ngara kwa muda wa siku moja tu. Haukupita muda kambi zikafika na kwetu Karagwe. Baba alikuwa akipeleka ndizi kuuza kambini siku za Jumamosi, nami nilimfuata kushika hesabu, kwa kuwa yeye hakuwa na subira na chenji. Jumamosi moja tulikuta watoto wameketi chini ya turubai, wamebanana, na mbele yao mtu mzima akiandika kwa mkaa juu ya boksi lililokunjuliwa. Hakukuwa na kibao, wala bendera ya shirika lolote. Baba alisimama pale akasahau ndizi zake. Tuliporudi njiani alisema, "Hawa wamefika juzi, wengine hawana hata sufuria, na tayari wana shule."

Desemba 1996 serikali yetu iliwataka wakimbizi wa Rwanda wawe wameondoka kufikia tarehe 31 ya mwezi huo. Katika siku chache kambi zikabaki tupu. Nilimuuliza baba yule mwalimu atakwenda kufundisha wapi. Akasema atafundisha pale watakaposimama. Wakati ule niliona ni jibu la mtu aliyechoka kuulizwa maswali na mtoto. Ilinichukua miaka zaidi ya ishirini, na kuvuka mto Kagera, kuona kwamba lilikuwa taarifa ya kweli kuhusu jinsi shule inavyozaliwa mahali watu walipofukuzwa. Haiji na malori. Malori huikuta.

Mapema mwaka 2017 mume wangu, ambaye ni daktari, alipata nafasi ya kusomea ubingwa katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara. Tukahama na watoto. Tulivuka Murongo, tukaingia Kikagati, tukafuata barabara ya Isingiro hadi mjini. Nyumba tuliyoiweza kwa posho ya mwanafunzi ilikuwa Nyamityobora. Ni mtaa wa watu wengi na vyumba vingi, wa wauza mkaa na mafundi cherehani, ambako mtu anayetoka kazini usiku hukuta bado kuna chapati motoni.

Kinyambo changu kilinifaa sokoni, maana ukisema "agandi" kwa lafudhi ya Karagwe, mwuza maziwa wa Ankole anakuelewa na kukucheka kidogo kwa upendo. Jirani yetu mmoja, bibi wa makamo, aliposikia natoka Tanzania alinionyesha kwa kidole upande wa katikati ya mji, akasema nyumba za huko zilivunjwa na mizinga yetu. Ni kweli. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera na kuwatoa watu wetu makwao, na Februari 1979 majeshi yetu yakaingia Mbarara na kuuacha mji magofu. Bibi alikwisha kusema, kisha akanipimia maziwa, akaongeza kidogo juu ya kipimo kama wafanyavyo kwa mgeni. Nimelibeba jambo hilo kila niliposikia mtu akisema kwamba watoto wa ng'ambo ya mto hawatuhusu. Tumehusiana zamani, kwa mabaya na kwa mema.

Kiswahili nacho kilinifaa mtaani, kwa sababu ya Wakongo. Wengi walikuwa wakimbizi walioandikishwa Nakivale, kambi iliyo Isingiro, na maisha yao yalikuwa yamegawanyika. Nchini Uganda mkimbizi anaruhusiwa kuishi na kufanya kazi mjini, lakini rasheni yake iko kambini. Kwa hiyo mama anaweza kuwa Nyamityobora akiuza dagaa na vitenge, bibi na watoto wakawa Nakivale kwenye kiwanja walichopewa, na siku ya mgao mama akapanda gari kurudi kuweka alama ya kidole. Jumapili wale waliokuwa mjini walikusanyika kusali katika ukumbi wa mabati wa kupanga. Mimi ni Mlutheri, nimekulia kwenye ibada yenye kitabu na utaratibu. Ilinichukua muda kuzoea ngoma na watu wote kuomba kwa sauti kwa wakati mmoja. Lakini walikuwa wakiimba kwa lugha yangu, na mgeni hachagui sana.

Wanawake wa kanisa lile walikuwa na likelemba, kama kikoba chetu. Waliposikia kwamba nilikuwa mhasibu wa chama cha akiba na mikopo huku nyumbani, waliniomba niwashikie daftari. Kila Alhamisi jioni tulikaa ukumbini, nikaandika tarehe, jina, kiasi, na sababu ya kukopa.

Safu hiyo ya mwisho ndiyo iliyonifundisha. Nilitarajia magonjwa, kodi ya nyumba, mtaji wa biashara. Vilikuwapo. Lakini kila Februari, kila Mei, kila Septemba, mihula mitatu ya shule za Uganda ilipofunguliwa, safu nzima ilijaa neno moja kutoka juu mpaka chini: minervali, ndivyo Wakongo waitavyo ada. Mwuza dagaa alikopa kumlipia mtoto wa dada yake aliyefia njiani. Fundi cherehani alikopa kwa ajili ya watoto wawili ambao hata undugu wao hakuweza kunieleza; walipotea pamoja wakivuka, basi wakawa wake. Nilikuwa nimesikia maishani mwangu hotuba nyingi za kuhamasisha maskini wathamini elimu, na baadhi nilizitoa mwenyewe. Daftari lile lilinionyesha watu wanaotoa sehemu ya mapato yao kwa shule kubwa kuliko ninayoitoa mimi, na hakuna aliyewahamasisha.

Kulikuwa na mama mmoja aliyeweka akiba kila wiki na hakukopa kamwe. Nikamuuliza kwa nini, maana nilijua ana mtoto. Akanijibu kwa Kiswahili cha kwao, "Mama, mutoto ana akili, ila hana mutu wa kumusimamia. Nikikopa, nitalipa na nini?" Binti yake alikuwa na miaka kumi na mitatu, anaishi Nakivale na bibi yake. Kongo alikwisha kufika darasa la sita, akisoma kwa Kifaransa. Uganda ikamrudisha la nne, kwa sababu mtihani wa la saba ni wa Kiingereza na yeye hakuwa nacho. Nimewaona wengi wa namna hiyo tangu hapo, watoto warefu nyuma ya madawati ya watoto wafupi, wanaoanza upya wakiwa wamekwisha kuanza.

Hapa napaswa kusema juu ya wito, na nitasema kwa uangalifu kwa sababu ni jambo la imani yangu na silichukulii kirahisi. Sikusikia sauti. Sikuota ndoto. Lile jibu la mama lilikataa kuondoka. Nilikuwa nikipika, lipo. Nikisoma Zaburi ya jioni na watoto, lipo. Nilimwomba Mungu aliondoe, nikimkumbusha kwamba tunaishi kwa posho, kwamba nina watoto wangu. Badala ya kuondoka lilizidi kutulia ndani yangu, kama mtu aliyeketi akijua atajibiwa. Nimekuja kuamini kwamba ndivyo Mungu asemavyo na watu wengi. Hapazi sauti, ila haachi.

Lakini Bwana Yesu ambaye alisimulia habari za Msamaria aliyemkuta mtu njiani ndiye pia aliyesimulia habari za mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye yampasa kwanza aketi ahesabu gharama. Mahubiri ya utoaji hupenda mfano wa kwanza. Mimi kwa kazi yangu niliulizwa na wa pili. Nikachukua karatasi. La nne mpaka la saba, miaka minne. Kidato cha kwanza mpaka cha nne, miaka mingine minne, na hiyo ni ya bweni, yenye orodha ndefu ya godoro na sanduku na karatasi na fagio na jembe. Mihula ishirini na minne. Nikampa mume wangu aisome. Alikaa nayo kimya, akasema, "Hii si sadaka, hii ni ndoa. Uko tayari?" Tuliomba juu ya karatasi ile kwa majuma kadhaa. Nadhani maombi hayo yalikuwa ya kweli kuliko mengi niliyowahi kuomba, kwa sababu yalikuwa na tarakimu.

Kisha nikaenda Nakivale, kumwona binti na bibi yake kabla ya kuahidi lolote.

Kambi hiyo ilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Watutsi waliokuwa wakikimbia Rwanda. Ni ya zamani kuliko uhuru wa Uganda wenyewe, uliopatikana 1962. Ukiacha lami unaingia nchi ya vilima vikavu na miti ya miiba, ziwa Nakivale likimetameta kwa mbali, halafu nyumba za udongo zinaanza na haziishi. Eneo la kambi liitwalo Base Camp lina maduka ya Wasomali, migahawa ya Wahabeshi, wauza vitenge wa Kongo, Warundi, Wanyarwanda, na kati yao wote Kiswahili ndicho kinachofanya biashara. Darasa nililolichungulia katika shule ya msingi ya hapo lilikuwa na watoto zaidi ya mia moja. Waliokosa nafasi kwenye benchi walikaa sakafuni mbele, karibu na miguu ya mwalimu.

Binti hakuwa huko. Jioni ile alikuwa kwenye jengo la kanisa la udongo, upande mwingine, pamoja na watoto wengine, mbao zimetandikwa juu ya matofali, ukuta mmoja umepakwa rangi nyeusi kuwa ubao. Mwalimu wao ndiye huyu aliyenitumia ule ujumbe wa sauti. Alikuwa amefundisha Fizi, Kivu ya Kusini, na alikuwa na diploma ya ualimu ya Kongo, ambayo nchini Uganda haikumwezesha kuajiriwa kama mwalimu kamili. Asubuhi alifanya kazi ya msaidizi darasani, akiwatafsiria watoto wapya. Jioni, bila kutumwa na mtu, aliwakusanya waliofika karibuni akawafundisha Kiingereza cha kuwawezesha kuingia madarasa yanayolingana na umri wao. Wenzake watatu walimsaidia. Wazazi walileta mahindi wakati wa mahindi.

Nilimuuliza nani anawalipa. Alinieleza habari za mahindi. Nikamuuliza, basi kwa nini unaendelea. Akasema aliitwa kuwa mwalimu akiwa kijana, kanisani kwao, wazee wakamwekea mikono. "Na Mungu hakuniambia kama wito unaishia ku mpaka."

Nilikuwa nimekwenda nikijiona kama mtu aliyeitwa. Nikaketi kwenye ubao ule juu ya matofali nikaelewa kwamba wito wa mahali pale ulikwisha kutolewa, miaka mingi, kwa mtu mwingine, naye ameuitikia kila siku bila mimi. Ulitolewa pia kwa mama wa dagaa, na kwa fundi cherehani, na kwa yule aliyeandika kwa mkaa juu ya boksi mwaka 1994. Nilichopewa mimi kilikuwa cha pili: kusimama nyuma yao wasichoke. Sioni kwamba jambo hilo lilinipunguzia kitu. Lilinionyesha mahali pa kusimama, na likabadilisha namna nilivyotoa.

Kwa mfano, sikumkabidhi binti ada. Niliiingiza katika likelemba, ikaandikwa kwa jina la mama yake, naye ndiye aliyeichukua na kwenda kuilipa shuleni na kurudi na risiti. Binti alikua akijua kwamba mama yake anamsomesha, na ilikuwa kweli, maana akiba ya mama ilikuwa ndani yake. Mwalimu ndiye aliyenijulisha maendeleo, na alinijulisha pia pale aliposhuka. Wanawake wakaongeza kanuni kwamba kila anayeleta fedha za kumsomesha mtoto mmoja alete na kitu kidogo kwa walimu wa pale kanisani, wanaowafundisha wale ambao hakuna aliyewachagua. Kanuni hiyo hawakuipata kwangu. Waliona wenyewe kinachotokea mtoto mmoja anapoinuliwa peke yake.

Waliona kwa kijana mmoja wa mtaani petu. Mgeni fulani kutoka mbali alikuwa amepita Nakivale na kundi la kanisa, akakutana na mvulana anayeongea Kiingereza kizuri. Akapiga naye picha, akaguswa, akamlipia shule ya bweni ya gharama kubwa mjini. Ilikwenda hivyo kwa muda, kisha barua zikakoma na fedha zikakoma. Mvulana akarudishwa nyumbani na deni, na matokeo yake ya muhula yakabaki ofisini mpaka deni lilipwe. Kurudi shule ya kambi hakuweza. Aliondoka pale akisindikizwa na nyimbo, na aibu ilikuwa kubwa kuliko hamu ya kusoma. Nilipomfahamu alikuwa anaendesha boda karibu na nyumba yetu. Alikuwa mpole, hakumsema mfadhili wake vibaya hata siku moja. Alidhani labda amefariki. Aliniambia tu kwamba wenzake wa darasa, wale waliobaki kwenye shule ya watoto mia, wamefika kidato cha pili.

Simhukumu mgeni yule. Huenda alipoteza kazi, huenda kweli alifariki, na moyo wake siku ile ya picha sina shaka ulikuwa safi. Lakini nimetafakari sana habari hii kila ninaposikia mtu akishuhudia kanisani jinsi alivyoguswa. Kisima unaweza kukichimba kwa sadaka ya siku moja, na maji yakatoka miaka. Masomo ya mtoto hayatoki kwa sadaka ya siku moja. Anayelipa mihula mitano na kuacha ya sita hajatoa sehemu tano za kitu. Mara nyingine amemtoa mtoto mahali alipokuwa na njia, akamwacha mahali pasipo na njia. Nasema hivi kwa uchungu, kwa kuwa najua wengi wanaotoa hivyo ni watu wa sala.

Mwisho wa 2019 mume wangu alihitimu, tukarudi Karagwe. Miezi michache baadaye corona ikafunga kila kitu. Machi 2020 Uganda ilifunga shule zote. Tanzania nayo ilifunga mwezi huohuo, lakini Juni 29 watoto wetu wakarudi madarasani. Mto Kagera unaotutenganisha na Isingiro ni wa kuvuka kwa dakika chache, na upande huu watoto walikuwa na sare asubuhi, upande ule hawakuwa nazo. Wa la saba wa Uganda waliitwa Oktoba, na binti, ambaye wakati huo alikuwa amefika huko, akafanya mtihani wake Machi 2021. Akafaulu. Juni 2021 shule zikafungwa tena, akiwa hajaingia kidato cha kwanza. Zilifunguliwa zote Januari 10, 2022. Uganda ni miongoni mwa nchi zilizofunga shule muda mrefu kuliko zote duniani.

Miezi ile ya mwisho ndiyo ilikuwa ya hatari kuliko yote. Rasheni ilikuwa imepunguzwa. Mwanamume mwenye gari la mizigo akapeleka posa kwa bibi, na bibi akaanza kusikiliza, nami siwezi kumlaumu bibi mwenye njaa anayeona mjukuu wa miaka kumi na saba akikaa bure. Wafadhili wengi walishika fedha zao kwa sababu shule hazidai. Ilikuwa hesabu sahihi, na kama ningekuwa peke yangu huenda nami ningeipiga vivyo hivyo. Lakini wanawake wa Nyamityobora walinipigia simu, wakanieleza walivyoamua: fedha ya muhula iendelee kuingia kama kwamba shule iko wazi. Inunue unga, sabuni, pedi, na kitu kwa mwalimu ili awakusanye wasichana makundi madogo madogo chini ya mti mara kadhaa kwa wiki. Walijua wao kile ambacho daftari langu halikuwa na safu yake, kwamba shule kwa msichana ni ada, lakini pia ni mahali anapotarajiwa kuonekana kesho asubuhi. Ikiisha hiyo, posa inajibiwa.

Posa ilikataliwa. Wenzake kadhaa hawakukataa, au hawakuulizwa. Baadhi yao walirudi shule wakiwa na watoto, Uganda ikiwaruhusu. Mwezi wa Novemba 2021 hata huku kwetu serikali, kwa waraka, iliwafungulia mlango wasichana waliojifungua warudi madarasani, na niliwaza juu ya wale wa chini ya mti siku nilipousoma waraka huo.

Mwaka 2025 binti alifika kidato cha nne. Mtihani wa taifa ulikuwa mwishoni mwa mwaka huo. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja.

Narudi kwa mzee wetu. Watoto wa Karagwe hawajakwisha kusoma. Tangu 2016 hawalipi ada hadi kidato cha nne, na tangu 2022 hata cha tano na cha sita, ila chakula cha mchana ni changu na chako, na madawati hayatoshi. Hayo tuyafanye, na fungu la usharika kwa shule yetu ya jirani lisiguswe hata senti. Lakini mtoto wa Karagwe ana diwani wa kumgombeza, ana mbunge, ana mkuu wa wilaya anayeweza kuulizwa mbele ya redio. Mtoto wa Nakivale fedha zikikatwa huko Washington hana wa kumuuliza. Ana mwalimu wake na mama yake.

Na sisi wenyewe hatukusomeshwa na wa kwetu peke yao. Askofu Josiah Kibira, aliyetoka Bukoba na mwaka 1977 akawa Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, alisoma Ujerumani na Marekani, na Wakristo wa huko walishiriki kumfikisha. Hawakumaliza kwanza watoto wao. Sisi pia, tukiwa maskini kuliko leo, tuliwapa wana wa Afrika Kusini ardhi ya Mazimbu, Morogoro, na chuo kilichokuja kuitwa cha Solomon Mahlangu kikaanzishwa 1978, mwaka uleule ambao Kagera ilivamiwa. Tulikuwa na vita mlangoni na tukawapa watoto wa wengine mahali pa kusoma. Sijui kama tungefanya hivyo iwapo tungengoja mpaka tupate nafasi.

Kuna swali lingine ambalo mzee hakuuliza, ila mwanangu mkubwa aliuliza: mbona Nakivale, si Nyarugusu, kambi ya wakimbizi iliyo Kasulu ndani ya nchi yetu? Sina jibu la hekima. Nilikaa Nyamityobora. Yule Msamaria hakuchagua barabara yenye majeruhi wanaostahili kuliko wengine. Alikuwa safarini, akamkuta mtu. Anayeishi Kasulu na akaguswa, na aketi ahesabu.

Haya yote nilimweleza mzee nyumbani kwake juma lililopita, tukinywa chai. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakusema kwamba nimemshawishi. Alisema atalipeleka kwenye baraza, na kwamba baraza litataka majibu ya mambo matatu: nani atathibitisha kila muhula kwamba walimu wamelipwa, tutafanya nini mwaka ambao kahawa inashuka bei, na nani atalibeba jambo hili nikihama au nikifa. La kwanza nina jibu lake, ni risiti na daftari. La pili tumekubaliana tuanze na walimu wawili ambao tunaweza kuwalipa hata mwaka mbaya, badala ya wanne wa mwaka mzuri. La tatu nimelipeleka kwa wanawake wa Nyamityobora, kwa kuwa wao wamewahi kuzika mweka hazina na likelemba ikaendelea. Wanakutana Alhamisi.